Risiti ya Friji

Glasgow, Uskoti

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta nyote salama hapo Umoja. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya huku imenizoeza kuvaa soksi mbili kwa mpigo. Masomo ya uzamili katika sheria ya ulinzi wa watumiaji yanaendelea vyema, na nakuandikia kwa sababu somo la juzi lilinirudisha jikoni kwako, mbele ya ile friji ambayo Mjomba alikununulia barabara ya Luthuli, Nairobi, miaka miwili iliyopita, ikazima kabla ya mwezi wa pili kwisha na kukuharibia maziwa yote ya kuuza.

Bila shaka unakumbuka tulivyorudi dukani, mwenye duka akatuonyesha maandishi yaliyo chini ya risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kisha akaongeza kwamba wewe hukununua kitu kwake, aliyenunua ni mtu mwingine. Tulinyamaza, tukapanda matatu, tukarudi nyumbani. Wakati huo nilikuwa tayari nina shahada ya kwanza ya sheria, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi nilikwenda Paisley, safari fupi ya treni kutoka hapa. Katika mji huo, mwezi wa Agosti 1928, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi mkahawani, katika chupa nyeusi isiyoonyesha kilichomo. Alikuwa amekwisha kunywa kiasi wakati soda iliyosalia ilipomiminwa na, kwa maelezo yake, akatoka konokono aliyeoza; mama huyo akaugua tumbo. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote, kwa kuwa hakulipa yeye, sawa na wewe na friji. Mwaka 1932 majaji wa Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya huku wakati huo, 3 dhidi ya 2, waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa ajili ya mtu atakayekitumia kitu chake, hata kama hawajawahi kuonana. (Iwapo konokono alikuwamo kweli, hakuna mahakama iliyothibitisha, maana kesi iliishia kwa maelewano.)

Nilirudi nikidhani nimekupatia dawa, lakini mhadhiri wangu akanituliza. Kanuni hiyo humfidia mtu aliyeumia, au ambaye mali yake nyingine imeharibika. Haimrudishii thamani ya kitu kibovu chenyewe. Maziwa labda tungeyabishania. Friji yenyewe hutaipata kwa njia ya konokono.

Kwa hiyo lazima turudi kwenye mkataba, na mkataba ni wa Mjomba. Sheria yetu ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi kwamba bidhaa yake ina ubora unaostahili kuuzwa, hata kama hakutamka neno, na sharti lolote linalokusudia kuifuta ahadi hiyo ni batili. Sheria hiyo imefuata kwa karibu ile ya jimbo la Ontario huko Kanada, na pengine inatupwaya kama koti la kuazima, lakini kwenye mabega haya imekaa sawasawa. Yale maandishi ya risiti hayakuwa na nguvu yoyote dhidi ya friji mbovu. Huku Uingereza mnunuzi ana siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kudai fedha zake zote, na nimeona watu wakifanya hivyo bila kupandisha sauti.

Hatujachelewa, kwa kuwa dai la mkataba nchini Kenya lina muda wa miaka 6. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na Mjomba anaweza kusimama mwenyewe bila wakili.

Naomba basi umwambie aitafute ile risiti na kuipiga picha leo hii, kwani wino wa karatasi zile hufifia, na asiufute ujumbe wa M-Pesa wa siku aliyolipa. Yule fundi aliyeifungua friji naye aandike alichokikuta ndani, atie tarehe na sahihi. Nitaandaa barua ya madai nikishapata hivyo vitatu.

Mwanao akupendaye,
Kitinda mimba wako