Kabla hujaandika programu ya mnada wako

Kwako Zawadi,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya changu. Kwa hiyo umeamua kujenga tovuti yako mwenyewe ya mnada, na umenitolea mfano wa Pierre Omidyar, aliyeanzisha AuctionWeb mwaka 1995 kabla haijaitwa eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kikawa tochi ya leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Mfano mzuri, lakini wanunuzi wa wakati ule walivumilia mengi ambayo wako hawatayavumilia.

Naona umeanza na rangi na nembo. Viweke kando. Kurasa za picha na maelezo ya bidhaa ni kazi nyepesi, na programu huria za kuzijengea zipo tele. Kasheshe iko kwenye dau.

Chukua hili la mnunuzi kutaja kikomo chake cha siri, mfumo ukampandishia dau kidogo kidogo. Tuseme bei iko 100, kila hatua ni 5, na wewe umeweka kikomo cha 180. Mimi nakuja na 150. Mfumo unanipiku papo hapo: bei inakuwa 155, wewe bado unaongoza. Akitokea mwingine na 200, anaongoza yeye kwa 185. Wazo hili linakaribiana na lile aliloliandika mwanauchumi William Vickrey mwaka 1961: mshindi akilipa kulingana na dau la pili kwa ukubwa, hana haja ya kuficha thamani halisi anayokipa kitu. Haya, na watu wawili wakiweka 180 wote? Mimi ningempa aliyetangulia. Wewe amua utakavyo, ila amua sasa na uandike.

Halafu kuna madau yanayofika kwa pamoja. Seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti yako, inasoma bei ya 150 kwa ajili ya huyu. Kabla haijaandika bei mpya, inasoma 150 hiyo hiyo kwa ajili ya yule. Wote wawili wanaambiwa wanaongoza, na ugomvi unakusubiri wewe. Kwa hiyo dau moja likishughulikiwa, rekodi ya bidhaa hiyo kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa za tovuti, ifungwe, mwenzake asubiri hadi la kwanza limalize kuandikwa. Saa inayotawala iwe ya seva, si ya simu ya mnunuzi. Na pesa zihifadhi kwa senti, namba kamili. Ukiiachia kompyuta desimali zake za kawaida, 0.1 ukijumlisha na 0.2 itakupa 0.30000000000000004. Sikutanii.

Sasa dakika ya mwisho, ambayo ndiyo imenifanya nikuandikie. Kuna wanunuzi hukaa kimya muda wote, zikibaki sekunde chache wanarusha dau, wengine hawana tena nafasi ya kujibu. Wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 2002. Kwenye eBay mnada ulifungwa saa ile ile iliyotangazwa. Kwenye minada ya Amazon ya siku zile, dau likiingia mwishoni muda uliongezwa, hadi zipite dakika 10 bila dau jipya. Kuvizia mwishoni kulikuwa kwingi zaidi eBay. Fuata njia ya kuongeza muda. Muuzaji huenda akapata bei nzuri zaidi, na aliyeshindwa anajua alishindwa kwa pesa, si kwa kasi ya intaneti. Watakaolalamika ni wale wale waviziaji, nao waache walalamike.

Kuhusu muuzaji anayemtuma shemeji yake apandishe dau: utampunguza, humwondoi. Piga marufuku waziwazi, hifadhi historia ya kila dau, na uwaangalie wale wanaopandisha daima kwa muuzaji mmoja bila kushinda kamwe.

Malipo usiyashike mwenyewe. Tafuta kampuni yenye leseni, pesa zikae kwao mpaka mnunuzi athibitishe mzigo umefika. Kisha weka kanuni ya mshindi anayeingia mitini: siku ngapi za kulipa, na je, bidhaa inakwenda kwa aliyemfuata au mnada unaanza upya?

Nitumie kanuni zako zikiwa kwenye karatasi moja, hata kama zimejaa alama za kuuliza. Nikishazisoma ndipo tuzungumzie seva gani ukodi.

Wako,
Rehema