Shosti, hiyo PhD iombe

Shosti mambo, za huko halmashauri? Meseji yako nimeisoma jana usiku, unauliza kama uache uafisa habari uje usome PhD ya mawasiliano ya siasa alafu ufundishe chuo. Mi nasema njoo, tena njoo na hayo hayo unayoyaona huko kazini.

Maana huku darasani wanafunzi wanakariri zile modeli nne za PR (mahusiano ya umma) za Grunig na Hunt za mwaka 1984, za jinsi taasisi inavyowasiliana na watu wake, kwenye mtihani wanazimwaga zote vizuri kabisa. Sasa waulize, tangazo la maji kukatika likishatoka kwa mkurugenzi, malalamiko ya wananchi yanarudi kwa njia gani na yanaishia mezani kwa nani? Kimya. Wewe unajua, ndo unayesimama na kamera kwenye mkutano wa kijiji, unaambiwa piga mheshimiwa akikata utepe, na yule mama aliyenyoosha mkono kuuliza habari ya maji haonekani popote kwenye taarifa. Hiyo ni thesis kabisa!

Ila mi kinachonipa raha kufundisha ni uchaguzi wa rais wa 2015. Lowassa, waziri mkuu mpaka 2008, katoka CCM kahamia Chadema ya upinzani, watu wanazungusha mikono mabadiliko mabadiliko, huku Magufuli wa CCM anapiga pushapu jukwaani na Hapa Kazi Tu yake. Iangalie hiyo kauli, maneno matatu, chama hakimo! Yani chama kilichokuwa madarakani miaka yote kikamnadi mtu, na hamu ya mabadiliko kikaibeba chenyewe, Magufuli akapita kwa asilimia 58.46 kwa 39.97 za Lowassa. Sisemi kauli mbiu ndo ilimpa ushindi, CCM ina watu mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, na hapo ndo patamu, kutenganisha kazi ya maneno na kazi ya mtandao wa chama, bado tunahitaji watu wa kupachimba hapo.

Hela sikufichi, mwanzoni inabana, utaanza mhadhiri msaidizi na bila PhD hupandi, na mitihani ya kusahihisha ni marundo. Alafu wanasiasa watakufuata uwaandikie hotuba, mi msimamo wangu ukishamwandikia mtu basi usimtafiti.

Kazi usiache kwanza, omba ruhusa ya masomo. Andika pendekezo hata kurasa mbili unitumie kabla hujatafuta msimamizi, ntalisoma siku hiyo hiyo. Wasalimie watoto.