Viongozi wa mbio za pole, sikilizeni kiitikio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme na viongozi wa vikundi vya mbio za pole, au jogingi kama wengi tunavyoziita, ambavyo siku hizi vimeenea katika mitaa mingi ya Dar es Salaam. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na sina ugomvi na vikundi hivyo, kwa kuwa vimewatoa kitandani alfajiri ya Jumamosi watu ambao madaktari waliwasihi kwa miaka bila mafanikio. Linalonisumbua ni benchi la wagonjwa wangu la kila Jumatatu.

Miezi michache iliyopita alikaa kwenye benchi hilo mama mmoja, mhasibu, mwenye umri wa miaka arobaini na ushee. Alikuwa amejiunga na kikundi cha mtaani kwao akiwa hajakimbia tangu alipomaliza sekondari, akapewa fulana, na Jumamosi ya tatu tu akaongozana na wenzake kilomita 12 za lami hadi Coco Beach, ambako kazi ilianza upya: kuruka kichura, kubebana mgongoni, pushapu. Kisigino kilianza kumuuma wiki hiyohiyo, naye akaendelea kukimbia nacho hivyohivyo kwa miezi miwili kwa sababu kiongozi alimwambia kuwa huo ni uvivu unaotoka mwilini. Alipofika kwangu alikuwa akishuka ngazi kiubavu, mkono ukutani, na kano ya kisigino cha kulia ilikuwa imevimba kama pingili ya muwa.

Kilichomponza si kukimbia, bali kuongezewa kazi haraka kuliko mwili wake ulivyoweza kuzoea. Moyo na mapafu huzoea mazoezi ndani ya wiki chache, na hapo mtu hujiona yuko tayari, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Anayeanza atembee na kukimbia kwa kupokezana, kwa mfano dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, kwa muda usiozidi nusu saa, siku tatu kwa wiki zenye mapumziko katikati, kisha aongeze kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli, na ni hizo siku mbili ambazo karibu kila mtu anazisahau. Wapo pia wanaojiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kwa kuwa tu ofisi imewalipia, ilhali mbio za kilomita 5 zipo palepale Moshi, siku ileile.

Vikundi vyetu vina kipimo kizuri cha mwendo ambacho viongozi wengi hawakitumii, nacho ni nyimbo. Mtu anayekwenda kwa kasi inayomfaa huweza kusema sentensi nzima bila kutweta. Kwa hiyo safu za nyuma zinapoacha kuitikia wimbo, kiongozi asidhani kwamba hawaujui. Ajue kwamba mwendo umewazidi, na apunguze au awagawe watu makundi mawili. Kichura nacho kiachiwe waliokwisha kuimarika, tena kwenye nyasi au mchanga mgumu, maana goti la mtu mzito lililochoka halistahili adhabu tuliyopewa shuleni kwa kuchelewa namba.

Kwa wenye maumivu ya kano katikati ya kigimbi na kisigino, kulala kitandani wiki nzima hakutoshi, kwani kano huimarika kwa kubebeshwa uzito kwa kiasi. Mwaka 1998 daktari wa mifupa Håkan Alfredson wa Sweden na wenzake walichapisha zoezi ambalo hadi leo tunalitumia. Simama kwenye kipandio cha ngazi, sehemu ya mbele ya wayo ikiwa juu na kisigino kikining'inia. Inuka kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha shusha kisigino polepole mpaka kipite usawa wa kipandio. Fanya mara 15, duru tatu, goti likiwa limenyooka, kisha duru tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Ikiwa maumivu yako chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa, usishushe kisigino kupita usawa wa kipandio.

Jambo jingine ni kuchua. Mtu akiteguka kifundo cha mguu barabarani, wenzake humkalisha chini na kumchua kwa nguvu kwa dawa ya moto, wakati ndani nyuzi zimechanika na damu inavuja. Kwa siku mbili tatu za mwanzo asichuliwe wala asikandwe kwa maji ya moto. Afungwe bendeji isiyobana kupita kiasi na mguu uinuliwe, kisha aanze kuukanyagia taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu. Akishindwa kupiga hatua nne, hata za kuchechemea, au akiumia anapobonyezwa kwenye mfupa wa kifundo wenyewe, apelekwe hospitali akapigwe eksirei.

Yule mhasibu alimaliza wiki zake 12, ingawa alinung'unika sana kuhusu ngazi. Amerudi kikundini, anakimbia kilomita nne, na wenzake wanapoanza kichura yeye hukaa pembeni akiwashikia chupa za maji.

Ni mimi,
Mtaalamu wa fiziotherapia,
Temeke, Dar es Salaam.