Barua ya Wazi kwa Vijana Wapanda Miti wa Uru, Moshi

Wanangu,

Nimesikia kwamba masika haya mmekusudia kupanda miche kandokando ya mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia, na kwenye miteremko inayoshukia mtoni, nami nawapongeza kwa dhati. Hata hivyo, kwa kuwa miti niliyoipanda ikafa ni mingi kuliko iliyosimama, naomba mnisikilize kabla hamjashika majembe.

Mche haufi siku ya kupandwa, hufa kiangazi. Miaka ya nyuma tulipanda papa hapa kwa shangwe, tukapiga picha, tukaenda zetu. Nilipopita mwezi wa tisa niling'oa mche mmoja uliokauka, nikaukuta ungali ndani ya kiriba chake, mizizi imejiviringisha kama uzi, kwa sababu aliyeupanda hakuichana nailoni. Huenda ni mimi. Basi kila mche uwe na mwenyewe anayejulikana kwa jina, atakayeumwagilia, kuupalilia na kuukinga na mbuzi hadi uvuke kiangazi cha pili.

Msishawishiwe na mkaratusi kwa kuwa unakua haraka, maana hunywa maji mengi, na mkiupanda kando ya mfongo mtagombana na wenye migomba walio chini. Hapo pandeni mringaringa na mruka. Mgrevilea uwekeni mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, kwani huvumilia kupogolewa na matawi yake ni kuni.

Liko pia suala la kukata, ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya wapanda miti. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa Nusu Maili kwenye ukingo wa msitu wa mlima, ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuugusa msitu wa juu. Tangu 2005 msitu wa mlima umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa hiyo mahitaji yetu hatuna budi kuyaotesha wenyewe huku chini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, wenye kamati, mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Andikeni sasa, miche ikiwa bado chini ya magoti, nani atavuna nini, lini, na fedha zitakwenda wapi, kwa maana mti ukishafaa kuwa mbao hata ndugu hawasikilizani.

Jumamosi nitakuwa kwenye mfongo saa moja asubuhi. Kila mmoja aje na wembe wa kuchania viriba.

Mzee wenu,
Uru