Bundi wa Hombolo na daftari langu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimtetee bundi. Kwetu Hombolo akilia juu ya bati, mama hutoka na kijinga cha moto kumfukuza, maana tunaamini anatangaza msiba. Nami nimekua na imani hiyo. Mama mkwe alipofariki, wote tulisema: si tulimsikia juzi?

Mwaka jana nilianza kuandika nyuma ya daftari la mwanangu kila usiku niliomsikia. Tangu uwele uingie ghalani mwezi Mei hadi Agosti, alilia usiku 23. Msiba ulikuwa mmoja, wa mzee aliyeugua tangu Krismasi. Zile 22 nyingine hakuna aliyezikumbuka, na mimi bila daftari ningeapa kwamba kila akilia, mtu anakufa. Nilishtuka sana. Masikio yangu yaliokota kile tu nilichokwisha kukiamini.

Chini ya mkwaju anakolala nikakuta vidonge vya manyoya makavu, mabaki ya chakula anayoyatapika. Nikakipasua kimoja kwa kijiti: mafuvu mawili ya panya, na meno yake ya njano. Panya hao hao wanaotoboa magunia yangu! Kumbe anafuata panya wa ghalani, si msiba.

Mwezi uliopita vijana walimuua mmoja kwa manati, wakamchoma. Niliumia mno. Simlaumu mama; mimi mwenyewe nikiisikia ile sauti usiku, mwili bado unanisisimka. Ila maafisa ugani wanapokuja kutufundisha kuhusu panya, nawasihi wamtaje na bundi.

Mkulima wa uwele,
Hombolo, Dodoma