Kabla hujapanda ndege, pata saini za mashahidi wako

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, mama, sisi huku nyumbani hatujambo. Mamako amekwisha kuzifunga dawa za bibi yako kwenye mfuko wa buluu, na sukari yake tunaomba iwe imeshuka utakapofika Mombasa. Safari hiyo nimeiridhia kwa moyo mmoja, maana si kila kijana aliyekulia Texas anayekubali kuacha kazi miezi mitatu akamwuguze bibi. Lakini nimeisoma DD 214 yako, ile hati ya kutoka jeshini, nimeisoma na ile DD 149 uliyoijaza kudai nishani zako mbili zilizokosekana, na nakuomba usiitume bado. Na hao wenzako wawili mliokuwa nao kwenye msafara wa malori siku ya mlipuko, watakaokuwa mashahidi wako, umeshawapigia simu?

DD 149 ni fomu ya kweli, ila zamu yake haijafika. Inakwenda kwa Bodi ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani ya Kusahihisha Kumbukumbu za Kijeshi, na Bodi ni ngazi ya mwisho. Haipokei ombi la mtu ambaye hajamaliza ngazi za chini. Utarudishiwa bahasha yako nzima haijasomwa, na utakuwa umepoteza miezi bure. Ngazi ya chini kwako wewe uliyetoka miaka ya karibuni ni Kamandi ya Rasilimali Watu ya Jeshi iliyoko Fort Knox, Kentucky, kwenye tawi lake la nishani. Wazee waliotoka zamani ndio huanzia kwenye kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, ambako moto wa Julai 1973 uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Wewe faili lako ni la kompyuta, limo kwenye iPERMS, mfumo wa jeshi wa kuhifadhi mafaili, kwa hiyo usikubali mtu akuambie limeungua.

Halafu umechanganya mambo mawili katika ombi moja, na hilo ndilo linaloua maombi mengi. Una nishani mbili zilizokosekana, na haziko sawa hata kidogo.

Ya kwanza, nishani ya kampeni ya Afghanistan, ni kosa la karani tu. Tazama kisanduku cha 18 cha DD 214 yako: kimetaja huduma Afghanistan, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Sasa tazama cha 13, ambacho ndicho cha nishani: haimo. Karatasi inajipinga yenyewe. Haya huwapata zaidi askari wa akiba, kwa sababu nyinyi hupewa DD 214 ndani ya siku chache za kurudi, kwenye kituo ambako karani anashughulikia kikosi kizima kwa mkupuo. Anaandika alichokikuta kwenye mfumo asubuhi ile, na amri za nishani mara nyingi huwa bado ziko njiani. Askari naye anataka kwenda kwao, anasaini. Nawe ulisaini, mwanangu, kisanduku cha 13 ukakipita kwa macho, na nilikuwa nimekwambia usisaini kitu hujakisoma.

Kwa nishani hiyo ya kwanza, andika barua ya nusu ukurasa. Ambatisha nakala ya DD 214, ile ndefu inayoitwa Member 4, maana Member 1 ni fupi na huachwa mambo. Ambatisha amri ya kupelekwa huko na hati zako za mshahara za miezi ile, zinazoonyesha dola 225 za posho ya hatari kila mwezi na kodi iliyosamehewa. Sharti lenyewe ni siku 30 mfululizo ndani ya mipaka ya Afghanistan, au siku 60 zisizo mfululizo. Siku mlizokaa Kuwait mkingoja ndege hazihesabiwi. Hati ya mshahara haitaji kambi uliyokaa, kwa hiyo inasaidia lakini haitoshi peke yake. Kisanduku cha 18 ndicho kitakachokubeba. Wakikubali hawatakupa DD 214 mpya, watakupa DD 215, karatasi ya masahihisho. Zitunze pamoja siku zote, kwa sababu ukitoa moja bila nyingine nishani haionekani.

Ya pili ndiyo ninayoihofia, na ndiyo maana nakuuliza tena habari za mashahidi.

Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui, haiombewi na kamanda kama zawadi ya kazi nzuri. Aliyetimiza masharti ni haki yake. Hapo wengi hudanganyika, wakadhani ikiwa ni haki basi itakuja yenyewe. Lazima uonyeshe kwamba uliumia, kwamba aliyekuumiza ni adui, na kwamba jeraha lilitibiwa na mtu wa tiba wa jeshi na likaandikwa wakati ule ule. Ajali ya gari barabarani haihesabiwi. Bomu la kutegwa lililolipuka chini ya lori la mbele yako linahesabiwa, hata kama hukutoka tone la damu, ila kwa mtikisiko wa ubongo kanuni ya jeshi ya nishani, 600-8-22, inabana: ama ulipoteza fahamu, ama dalili zilikufanya uzuiwe kazi kamili kwa zaidi ya saa 48 tangu mlipuko. Saa 48, mama. Kama mtibabu aliandika "apumzike leo" na kesho yake ukarudi kwenye lori, na hukuzimia, ombi litakataliwa, na aliyekataa atakuwa amefuata kanuni.

Kwa hiyo kabla ya yote omba kumbukumbu zako za matibabu za huko. Unatafuta SF 600, karatasi ya matibabu ya kituo cha tiba cha kambi, karatasi ya kipimo cha mtikisiko wa ubongo kinachoitwa MACE, na karatasi yoyote ya kuzuiwa kazi yenye tarehe. Tafuta pia ripoti ya majeruhi, DA 1156, na ripoti ya tukio ya kikosi. Soma tarehe moja moja. Karatasi ya matibabu ikisema tarehe 9 na ripoti ya tukio ikisema tarehe 8, usijifanye hujaiona. Eleza kwenye barua yako kwamba mlipuko ulikuwa usiku na ulipimwa alfajiri, ikiwa ndivyo ilivyokuwa. Anayesoma faili hakujui. Akikuta tarehe mbili bila maelezo, shaka inakwenda kwako.

Ile barua ya VA, idara ya maveterani, ya asilimia za ulemavu uliyoiweka juu kabisa, ishushe mpaka chini. Inaonyesha kwamba leo kichwa kinakuuma, na sina shaka nayo, nakuona unavyofunga mapazia mchana. Lakini imeandikwa miaka baadaye, na wao wanauliza nani alikutibu siku ile.

Na mambo ya usingizi na ndoto, mwanangu, usiyaandike humo. Si kwamba si kweli. Tangu 2009 wizara yao ya ulinzi imeshikilia kwamba maradhi ya mshtuko wa vita peke yake hayapewi Purple Heart. Ukiyaandika, msomaji atadhani hilo ndilo unaloliombea. Yapeleke VA, yana mlango wake huko, na usiache kwenda kwa yule daktari wa Jumanne.

Sasa mashahidi. Wanatakiwa wawili, wenye kujua kwa macho yao, na wewe mwenyewe si mmoja wao. Kila mmoja aandike kwa mkono wake au kwa kompyuta yake, kwenye DA 2823, fomu ya kauli ya kiapo, aape mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha, hata notari wa benki. Aseme jina na cheo chake cha wakati ule, alikuwa gari la ngapi kwenye msafara, umbali gani kutoka kwako, aliona nini, alikusikia ukisema nini, nani alikupeleka kwa mtibabu, na alikuona tena kazini lini. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linalogusa saa 48. Usiwaandikie wewe halafu wasaini. Kauli mbili zenye maneno yale yale zina uzito wa kauli moja, au chini ya hapo. Wakitofautiana mambo madogo, rangi ya lori au saa kamili, waache watofautiane.

Yule sajini wako bado yumo jeshini? Akihamishwa anwani yake ya jeshi inabadilika, akistaafu ndiyo kabisa. Yule dereva ulisema yuko Minnesota, mpigie leo. Kumbukumbu za watu hazikai. Mtu anayekumbuka leo kwamba ulitapika na kushindwa kusimama, baada ya miaka miwili atakumbuka tu kwamba kulikuwa na mlipuko. Utakapokuwa Mombasa, na tofauti ya saa nane au tisa, hutawapata. Nakujua, utasema kesho.

Jambo la jina. Amri ya kikosi imekuandika kwa jina la babu yako kama ukoo, na karatasi ya matibabu imekuandika kwa jina langu. Sisi tunajua ni mtu mmoja, lakini karani wa Fort Knox hajui kwamba kwetu majina matatu ni mtoto, baba na babu. Weka sentensi moja ya kueleza na nakala ya kitambulisho chenye majina yote matatu. Ni jambo dogo, na limewakwamisha watu wetu wengi.

Jisimulie mwenyewe kwa ukurasa mmoja tu, usizidishe. Tarehe, mahali, kilichotokea, kilichofuata. Kila sentensi inayodai jambo, andika pembeni ni kiambatisho namba ngapi. Tuma nakala, asili zote zibaki kwenye kabati la mamako.

Wakikataa Fort Knox, hapo ndipo DD 149 itoke, pamoja na barua yao ya kukataa. Sheria inataka uombe ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa au ulipopaswa kuligundua. Wewe utasema umegundua mwezi uliopita. Wao watasema ulisaini 2021, na kwa hesabu hiyo muda ulikwisha 2024. Bodi ina uwezo wa kusamehe kuchelewa kwa ajili ya haki, na kwa nishani yenye ushahidi mzuri husamehe mara nyingi, lakini fomu ina mahali pa kueleza sababu. Umepaacha patupu. Usipaache.

Bodi huanza kwa kuamini kwamba jeshi liliandika sawa, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Wajumbe ni raia, wasiopungua watatu, na wanasoma karatasi tu. Kuitwa mbele yao si haki yako. Wanatakiwa kumaliza asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na kila ombi ndani ya miezi 18. Maamuzi yao ya zamani yamewekwa wazi bila majina. Tafuta kesi za mtikisiko wa ubongo, usome zile zilizokataliwa kwanza, uone zilikosa nini. Na kukataliwa kukikujia, ushahidi mpya unaruhusu kuomba tena. Wale askari wa Marekani wa kambi ya Al Asad huko Iraq, iliyopigwa na makombora ya Iran Januari 2020, walipimwa zaidi ya 100 wakakutwa na mtikisiko wa ubongo. Kwanza walipewa Purple Heart 29, na Desemba 2021, baada ya mafaili kutazamwa upya, wakaongezwa 39.

Usimlipe mtu. Vyama vya maveterani, American Legion, DAV na VFW, vina watu wa kusaidia bure, na kaunti yetu ina ofisa wake wa maveterani.

Najua unasema hutafuti sifa. Sawa, nami najivunia hivyo. Lakini wewe una miezi 14 tu ya huduma kamili, na kwa hesabu ya GI Bill, mpango wa serikali wa kuwalipia masomo waliotumikia jeshi, hiyo ni asilimia 60 ya ada. Mwenye Purple Heart wa baada ya Septemba 11, 2001, tangu Agosti 2018, anapata asilimia 100, hata miezi 36 ya masomo. Shahada ya uuguzi unayoitaka iko hapo. Na ukienda hospitali za VA, mwenye nishani hiyo hawekwi chini ya kundi la 3 la kupewa kipaumbele.

Kwenye fomu zote weka anwani yetu, si ya Kisauni. Bodi ikiomba maoni ya Fort Knox, nakala hutumwa kwako nawe hupewa muda mfupi wa kujibu. Barua ikilala posta ya Mombasa, muda utapita. Nitazifungua na kukutumia picha siku ile ile. Niachie kwa mkono wako karatasi ya idhini, na funguo ya kisanduku cha barua uliyoondoka nayo Idi irudishe, tumebaki na moja na mamako anaipoteza kila wiki.

Mjomba wako anasema tangi la maji la bibi linavuja upande wa chini. Usinunue jipya kabla fundi hajalitazama. Pesa nimemtumia, dola 80. Gari lako lilete Jumamosi asubuhi nilibadilishe oili kabla halijalala miezi mitatu, na uje na kauli ya yule dereva mfukoni, imeshasainiwa.

Babako