Mwanangu, vile vidonge rudisha

Baba,

Nimehesabu vidonge vyangu leo asubuhi vimepungua nane. Mdogo wako hata chumbani kwangu haingii bila kubisha, na wewe ndo umelala humu wiki nzima kabla ya kurudi Arusha. Sikugombezi. Nasema tu usivimeze, na huko Dodoma usiende navyo.

Hiyo propranolol ninayomeza kwa ajili ya mikono kutetemeka inapunguza mapigo ya moyo, mi inanifaa kwa sababu kifua changu kizima. Wewe una pumu, na dawa hiyo inabana mirija ya hewa, daktari pale KCMC aliniuliza mara mbili habari ya pumu kabla hajashika kalamu. Usiku ule wa hospitali ya Mawenzi unaujua mwenyewe, sirudii. Kama ushameza na kifua kinabana, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usinipigie mimi kwanza.

Alafu nani kakwambia mikono yako ina ugonjwa wangu? Inawezekana, maana huu wangu ni wa kurithi, mtoto ana nusu kwa nusu ya kuupata. Nilikuona umeshika kikombe kwa mikono miwili kama mimi nikiwa msibani, nikajifanya naangalia sufuria. Lakini inaweza kuwa hiyo pampu yako ya salbutamol, nayo inatetemesha, na we unaipuliza kama pafyumu, ukijumlisha na hizo enaji unazokunywa ukikesha dukani. Au ni tezi ya shingo, hiyo wanapima damu tu wanajua. Sasa we umeruka yote hayo umeenda kwenye kopo langu.

Mimi walinichoresha mzunguko kama gamba la konokono, ukatoka kama barabara ya Kibosho wakati wa mvua, alafu wakaniambia niweke mikono mapajani nisifanye kitu. Ikatulia. Yangu inatetemeka nikiipa kazi, sindano, kijiko, kalamu. Parkinson, ule ugonjwa mwingine wa kutetemeka, mara nyingi inaanza mkono ukiwa umepumzika, na mwili unakuwa mzito. Nilivyoambiwa siyo Parkinson nililia mpaka nesi akadhani nimepewa habari mbaya.

Na pombe usijaribu. Najua unajua kwamba inatuliza, hata babu yako alijua, alikuwa anapiga mbege asubuhi ndo aweze kusaini karatasi za kahawa. Inatuliza kweli, saa moja mbili, ikiisha inarudi na hasira, unaongeza, ndo hivyo. Kijiji kizima kilimwita mlevi, na mi nilikuwemo. Yangu ilipoanza nikaacha kushona nguo za watu nikasema ni macho, miaka sita nasema macho, wewe ukaninunulia miwani kwa hela yako ya kwanza. Ile miwani ipo kwenye droo. Labda ningesema mapema usingekuwa unaiba dawa, sijui.

Mtu analehemu vitu vidogo kuliko punje ya ulezi halafu anaogopa foleni ya hospitali! Mafundi wenzako wanakusifia mpaka huku, mi nanyamaza tu nisionekane najisifu. Nenda ukapimwe, ukifika sema pumu kwanza kabla hujasema mikono. Zipo dawa nyingine, siyo hii peke yake.

Na hivyo nane vinanipa shida, mimi siruhusiwi kukata ghafla, na kliniki yangu ni wiki ijayo.

Huku upepo umeangusha migomba miwili nyuma ya banda, mmoja una mkungu haujakomaa, tutapika hivyo hivyo. LUKU nimeweka ya elfu tano, mdogo wako na pasi yake kaimaliza. Fundi wa paa kachukua nusu ya hela hajarudi, ukimpigia wewe atapokea.

Basi la Dodoma si Jumatatu? Pita Jumamosi uchukue parachichi. Kopo la majani ya chai juu ya friji liko tupu, viweke humo, mi nitakuwa nje na ng'ombe.

Mama